Dakika Arobaini

Walitupa saa arobaini na nane,
meza moja yenye mguu mfupi
na soketi iliyokataa kushika
mpaka Mutalemwa alipoipachika karatasi.
Dirisha la ukumbi lilibeba ziwa zima.
Nani alitazama?

Tulikuwa wanne. Kabula wa Magu,
anayeandika msimbo kama anapalilia pamba,
mstari kwa mstari, haachi gugu.
Magesa wa Musoma, mwenye maneno,
tuliyemtunza kwa ajili ya majaji.
Mutalemwa, ambaye kazi yake hatukuijua
hadi umeme ulipokatika saa nane usiku
akavuta betri ya pikipiki chini ya meza.
Na mimi, Nyamisi, mleta wazo,
ingawa wazo lilikuwa la shangazi.

Shangazi Nyangeta huanika dagaa Igombe.
Mchanga, dagaa, jua: ndiyo hesabu yake yote.
Ikinyesha, fedha inageuka chakula cha kuku.
Tukasema, simu imwambie.
Habari za mawingu zitoke huko juu,
zipite kwa Kabula,
zishuke kwenye kitochi cha shangazi:
MVUA DAKIKA 40. FUNIKA.

Usiku wa pili tulitafuna buni za Bukoba
hadi meno yakawa na macho.
Mwezi ulikuwa umekufa. Kule majini
taa za wavuvi zilijipanga
kama mji mwingine ulioamua kukesha.
Kabula akauliza, "Kati yao na sisi, nani atalipwa?"
Hakujibiwa. Kosa lilikuwa mstari wa mia mbili na sita.

Asubuhi. Majaji watatu, chupa zao za maji.
Magesa, ndani ya shati la kuazima,
alisema "wanawake wa ziwa" mara tisa;
nilihesabu.
Kisha: "Tazameni, tunatuma."
Kabula akabonyeza.
Simu ya mezani kimya.
Akabonyeza tena. Kimya.
Mara ya tatu,
na mfukoni mwangu kitu kikaanza kutetemeka.

"Nyamisi! Meseji tatu! Tumefunika mwalo mzima,
Mama Kulwa kakimbia kaacha mtoto kwenye beseni,
mbona jua linawaka?"
Spika ilikuwa wazi. Kidole changu, nadhani.
Ukumbi ukacheka, jaji wa katikati akavua miwani,
nami nikakata simu kwa aibu.
Hakuna aliyekumbuka kumwambia:
funua.

Tulishika nafasi ya tatu.
Fulana nne, zote saizi ya Magesa,
na bahasha.

Jumatatu tulikwenda Igombe. Nilitaraji kicheko.
Dagaa waliotoka jasho chini ya turubai hadi alasiri,
kwa kuwa meseji zilikuwa tatu
na shangazi hadharau onyo,
walijieleza wenyewe kuliko Magesa.
Akafungua daftari la hesabu.
"Ndoo sita. Mbili zangu. Tatu za Mama Kulwa.
Moja ya bibi yule pale, hana simu.
Alifunika kwa sababu sisi tumefunika."

Hiyo ya sita ndiyo iliyonikaa.
Kwenye mchoro wetu tulikuwa na wingu,
mnara, vishale, simu.
Hatukuchora mtu anayemtazama jirani yake.

Tulilipa. Bahasha ikabaki na nauli
na soda mbili za kugawana.
"Mtatuma tena?" shangazi akauliza.
"Tutatuma. Ya kweli."
"Na ya uongo, basi, muandike kwamba ni ya uongo."
Kabula akaitoa kompyuta hapohapo,
mchanga ukaingia kwenye vitufe,
akaandika neno JARIBIO.

Alhamisi tulikuwa kwenye mtihani
mvua iliposhuka kutoka upande wa Ukerewe.
Meseji yetu ilichelewa dakika kumi na mbili.
Jioni nikakuta jibu la shangazi,
kwa herufi kubwa, kama zetu:
IMEFIKA. MVUA ILITANGULIA.
BIBI NAYE ALIWAHI.