Moja Kumi na Moja

Kaka yangu Urpo aliziandika kwa penseli ya kiwandani,
moja kumi na moja, bega kwa bega,
kama vigingi vya uzio wa Heiskanen
theluji ikishameza mbao za katikati.
Zitamke, usikie zinavyogonga:
bilioni kumi na moja, milioni mia moja na kumi na moja,
elfu mia moja na kumi na moja, mia moja na kumi na moja.
Mama alidhani anasali.

Alitaka kujua jambo moja tu: namba hii ina wazazi, au ni tasa?

Mchana alihesabu magogo yanayoshuka mtoni Kajaani,
usiku aligawanya.
Kwa tatu, baki mbili.
Kwa saba, baki mbili.
Kwa kumi na moja, baki moja; kwa kumi na tatu, tisa.
Namba tasa baada ya namba tasa,
masika yakaja na matope, akawa yu kwenye maelfu,
baridi ya pili ikaja na kikohozi.
Sanatorio walimnyang'anya penseli saa tatu usiku.
Aligawanya kwa kidole juu ya blanketi,
asubuhi akanakili.

Ukurasa wa mwisho:
elfu ishirini na moja mia sita na kumi na saba.
Ameandika "baki".
Hakuandika ngapi.

Kwenye kahawa ya mazishi mwalimu Rautiainen alifungua daftari,
akalifunga, akalifungua tena.
"Hakuambiwa," alisema. "Kigawo tasa cha namba hii,
ukikigawa kwa ishirini na mbili, lazima kibakize moja.
Karibu tisa katika kila kumi alizigawa bure."
Nikamwongezea kahawa.
Bure! Ulitaka afanye nini na usiku wake?

Mimi ndiye Impi, dada mtu, mtunza hesabu wa kiwanda cha mbao.
Miaka kumi na minne ya ndoa, kitanda cha mtoto
kimejaa viazi mbegu.
Hapa kijijini neno lile hawalitamki mbele yangu;
hunipisha mlangoni, kwa upole,
na upole wao ndio unaolitamka.

Nilichonga penseli. Nikaanzia alipoachia.
Tasa iliyofuata, mia sita arobaini na saba: baki.
Iliyofuata, mia sita arobaini na tisa.
Nilishusha tarakimu moja moja, jiko likipoa,
na chini kabisa, mahali pa baki,
hapakuwa na kitu.
Nikarudia. Hapakuwa na kitu.
Hatua mbili, Urpo. Ulibakiza hatua mbili.

Mzazi wa pili alitoka juu ya mstari mwenyewe:
laki tano, elfu kumi na tatu, mia mbili thelathini na tisa.
Rautiainen alikaa naye wiki nzima, akarudi ana wino kwenye ndevu.
"Tasa," alisema, akaona haya, akatazama viatu.
"Zote mbili, mama. Tasa."

Nilicheka mpaka paka akakimbia.
Tasa kwa tasa,
na mtoto huyu hapa, amejaa meza,
moja kumi na moja.

Jana nimeanza ukurasa mpya.
Nimezipanga kumi na tisa safari hii, mpaka ukingoni.
Sijazigusa.
Nimeziacha kwanza zisimame.