Sogea Kidogo, Mama

Tuliondoka Mwanjelwa saa kumi alfajiri,
watu tisa, kamera sita, chupa moja ya chai,
na Lugano aliyekuja na simu tu
lakini ndiye aliyejua njia.
Tukuyu ilikuwa bado imejifunika ukungu.
Tukateremka, masikio yakiziba na kuzibuka,
migomba, mikokoa, tena migomba,
tukavua makoti moja moja
kama tunaomenywa,
mpaka Kyela, na joto lake
linalomkumbatia mgeni bila kumuuliza jina.

Karakana ya meli ipo mwisho wa barabara
ambayo nayo imekata tamaa.
Langoni kibao: MARUFUKU KUPI A PI HA.
Tukaanza na hicho.
Kila mtu akakipiga kwa zamu,
foleni kama ya kumuaga marehemu.

Halafu tukatawanyika.
Ee, kutu ile!
Kutu ya ugoro, kutu ya ini, kutu ya chai iliyolala.
Winchi imeinamia ziwa kama mtu aliyedondosha pete.
Reli mbili zinaingia majini pamoja, hazitoki.
Asangalwisye alilala kifudifudi kwa ajili ya boliti moja.
Sekela alingoja robo saa kunguru atue
kwenye tezi la boti isiyo na jina.
Ng'ambo, milima ya Livingstone ilikuwa bluu bila kuombwa.
“Gofu halina haya,” alisema Mwaijande, kiongozi wetu,
“halikunji uso, halifumbi macho.”
Tukacheka. Mmoja akaandika.

Kwenye sakafu ya saruji walikokuwa wakichomelea meli
mwanamke alikuwa ametandaza turubai,
juu yake mpunga, gunia tatu hivi,
anaugeuza kwa nyayo, polepole,
akiacha mistari kama ya jembe.
“Sogea kidogo, mama,” Asangalwisye alisema kwa adabu,
“unaingia kwenye picha.”
Akasogea.
“Kidogo tena.”
Akasogea, akavuta na ufagio.
Mara ya tatu akasimama.
“Kwani mnapiga nini?”
“Mahali palipoachwa, mama.”
Akautazama mpunga. Akaitazama winchi.
“Pameachwa na nani?”
Kuku wake alikuwa anadonoa ukingoni mwa turubai.
Alimfukuza yeye mwenyewe; sisi tulikuwa tumeduwaa.

Mimi ni mtu wa studio. Miaka kumi na tisa
nawaambia watu nyoosha shingo, funga mdomo, usicheke.
Nadhani aliniona hivyo usoni, maana alinijia mimi.
“Wewe. Pasipoti saizi unapiga?”
Anaitwa Tumpale. Anataka nne,
za mkopo wa kikundi cha akina mama,
na wamesema nyuma iwe bluu.

Nyuma iwe bluu.
Tukaukusanya mpunga pembeni kwa ufagio na kwa viatu,
Lugano na Sekela wakanyanyua turubai,
mikono juu, visubi vya ziwa vikiwaingia puani,
punje zikiwadondokea mabegani
kama harusi iliyokosa bwana.
Akajifuta jasho kwa pindo la kanga. Akanitazama.
Nikasahau kumwambia usicheke.

Njiani kurudi kamera zilipita mkono kwa mkono.
Winchi ya Asangalwisye ilishinda.
Ni nzuri, sikatai.
Chini, pembeni, kuna kijibluu kidogo kama ukucha.
“Hapo utapakata,” Mwaijande alisema,
na kidole gumba chake kilikuwa tayari kinapafunika.

Nimechapa nane badala ya nne.
Nimempa kondakta wa Kosta ya Kyela bahasha,
elfu mbili, na maelekezo:
barabara ikiisha, ulizia mpunga.

Kwenye nywele zake, juu ya sikio la kushoto,
kuna punje moja.
Chunusi za watu nazifuta kila siku,
makovu, hata machozi nimewahi.
Ile punje nimeiacha.