Kwa Kichwa au kwa Kiti

Bosi yuko Mombasa. Kapiga simu kabla sijavua viatu:
“Nyevu, wauzaji wa programu wanataka jibu leo.
Barua pepe, kalenda, mafaili ya pamoja,
twalipia kwa kichwa au twalipia kwa kiti?”

Nikafunga dirisha, vumbi la Malindi lisiingie,
nikachukua daftari la mistari.
Watu siwahesabu kwa kompyuta. Nataka kalamu.

Kwa kichwa: mtu ana leseni yake,
aingie kwa simu, kwa mashine ya mezani, kwa kibao cha mwanawe,
hahesabiwi mara mbili.
Kwa kiti: mashine ndiyo yenye haki,
akaaye mbele yake ni shauri lake.

Haya. Mizani ya malori, pale getini:
kompyuta moja, herufi A imelika kwa chumvi.
Asubuhi hukaa Sidi, mchana Thoya,
usiku Bakari Lali, aandikaye kwa kidole kimoja
na kupiga miayo kwa mwili mzima.
Watatu, kiti kimoja.
Kiti kimeshinda.

Mramba wa mauzo: simu mbili, laptopu,
na mashine nyingine nyumbani kwake Muyeye.
Viti vinne, makalio ya mtu mmoja.
Kichwa kimeshinda.

Na vibarua wa kukwangua chumvi?
Hawana anwani, wala hawaitaki.
Lakini zamu zao huja kwa barua pepe,
Dama huzichapisha, huzibandika ukutani,
nao husimama wakasoma, kidole juu ya jina.
Mkataba wasema mtumiaji ni yeyote aufikiaye mfumo,
“moja kwa moja au kwa kupitia kingine.”
Sentensi hiyo nimeisoma mara tatu.
Je, ukuta nao tuulipie?

Bakari alipita kuulizia mshahara, akaiona mistari yangu.
Nikamweleza. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo:
“Kwa hiyo kiti kina haki, mie nina jina tu.”

Sikumjibu. Nilifungua orodha ya zamani.
Majina kumi na sita. Sisi tuko kumi na watatu.
Mmoja yuko Doha.
Mmoja ni “jaribio2”, hakuzaliwa na mama yeyote.
Wa tatu ni Kahindi Ngoka.

Miezi kumi na mmoja tumemlipia kichwa
na ni sisi wenyewe tuliokitilia udongo.
Sanduku lake lina barua mia nne zisizofunguliwa:
matangazo, mikutano aliyoalikwa,
na kila Ijumaa saa kumi, ripoti ya mizani,
maana ndiye aliyeiagiza mashine imtumie,
na mashine haikupewa habari za msiba.
Kahindi, malori 38. Kasoro: hakuna.
Kahindi, malori 41. Kasoro: moja.
Hiyo moja, hakuna aliyeiona.

Kidole kilikuwa tayari juu ya Futa.
Chini yake palikuwa na neno jingine, dogo zaidi:
Hamisha.

Saa tisa nikampigia bosi.
Viti viwili, mizani na stoo. Vichwa saba.
“Saba? Si ulisema sita?”
Nikamwambia kimoja hatukinunui,
kimoja nimekirithisha.

Ijumaa saa kumi Bakari yuko kwake Barani, amelala.
Simu ilinguruma kando ya mto, akaamka akisonya.
Baada ya dakika ishirini nikapata barua yake,
ya kidole kimoja, bila herufi kubwa hata moja:
malori 36. kasoro mbili.
naja kabla ya zamu tuziangalie