Jibu la Swali la Saba

Mwalimu Mchopa,
swali la saba umempigia mwanangu mkasi.
"Taja mnyama wa nyumbani anayeogopa maji: paka, bata au mbwa?"
Akaandika: *Inategemea ni paka gani.*
Wino wako mwekundu umetoboa karatasi.

Mimi sikusoma mbali. Nakwangua chumvi
majarubani huku Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi,
mwaka wa kumi na moja sasa, reki na ndoo,
na nyuma ya tuta la mwisho, mikoko inapoanza,
yupo anayeogelea.

Tunamwita paka koko.
Si koko ya mbwa wa jalalani,
ni koko ya mikoko, kwao.
Rangi yake tope la asubuhi kabla jua halijalipasua.
Manyoya tabaka mbili: la juu la mafuta,
maji huteleza kama kwenye jani la gimbi,
la chini sufi tupu, halijawahi kujua baridi.
Mkia bapa, mwiko wa ugali wa harusi.
Akizama, masikio huyafunga mwenyewe
kama mtu aliyeamua kutosikia deni.

Nimemhesabia pumzi. Nilianza kwa vidole,
vidole vikaisha, nikahesabu viroba
vilivyopangwa bandani, mia mbili na arobaini,
nikaanza upya, akaibuka kwenye kumi na nane
na kamba mdomoni, anapiga teke.

Kamba hamwoni, Mwalimu. Maji yale ni uji.
Anatandaza masharubu, anatulia,
kisha ananguruma,
ule mngurumo wa paka aliyeshiba jikoni
lakini chini ya maji;
nikitia mkono hadi kiwiko nausikia mfupani.
Kamba wakiusikia hurusha mikia,
na kurusha mkia
ndiko kujitaja.

Maji mafu haendi kuwinda, analala.
Bamvua ndiyo sikukuu yake, na uzazi wake
anaupanga humo humo.
Jike hupanda mchu, hupima kwa jicho,
huzaa pale hasa bamvua lijalo litakapofika,
si shubiri juu, si shubiri chini.
Wiki mbili vitoto hunyonya tawini, vipofu,
havijui kama kuna bahari.
Halafu usiku mmoja bahari inakuja kuvichukua.
Mama havisukumi. Yumo majini,
ananguruma.

Mwaka jana vilikuwa vitatu. Viwili vikaachia.
Cha tatu kikang'ang'ania gome, kikalia
sauti ya mlango wa bati.
Maji yakakifika tumboni, yakaanza kurudi.
Nilikuwa na reki mkononi.
Ningekigusa tu, kidogo.
Somoe, mwenzangu wa zamu, akasema tukichukue,
tutakilea kwa maziwa ya kopo.
Tukabishana mpaka maji yakatuacha miguu mikavu.
Alfajiri tawi lilikuwa tupu.
Kiliruka, au mama alikifuata, au kenge:
hilo ukiliweka kwenye mtihani
na mimi nipige mkasi.

Ninalolijua ni hili.
Anakunywa maji ya chumvi, haya haya
yanayotupasua visigino,
na chumvi inamtoka machoni.
Hukaa juu ya tuta saa sita, macho nusu,
pembeni mwa pua chembe zinaganda,
nyeupe, za pembe nne, safi kuliko zangu,
kisha hujikung'uta, huyoo, mikokoni.
Paka wangu wa nyumbani akimwona
huinua mguu mmoja, kama mama mkwe aliyeona tope,
na kurudi ndani.

Nimeziokota. Zimo kwenye kiberiti
atakachokuletea Sikujua Jumatatu.
(Jina ni la babu yake, usimcheke.)
Zitazame kwanza. Ukitaka, onja.
Maksi si kitu, msahihishie au acha,
ila kiberiti kirudishe,
nina kimoja tu.

Wako, mkwangua chumvi,
Mama Sikujua.