Swali la Kumi na Nne

Elfu mbili kwa kila dodoso lililojaa,
kalamu ya buluu, ubao wenye kibanio,
mwavuli nijinunulie.
Kabila. Elimu. Unavuta? Ngapi kwa siku?
Nikaanza na Mabatini, nikipanda mawe
ambako nyumba zimeng'ang'ania jabali kama kupe.

Bibi Adongo alifungua mlango kafumba mdomo.
Nikadhani ananyonya pipi.
Kumbe sigara, kichwa cha moto kimegeukia ndani.
Akaichomoa, akaicheka sura yangu:
"Tulizoea shambani, mvua isiizime,
na mama mkwe asione moshi."
Elimu: hana.
Kisanduku cha moto wa ndani: hakuna.

Mwalimu Rweyongeza, Nyegezi, shahada mbili,
alijibu "Sijawahi" sebuleni, mkewe akimimina chai.
Akanisindikiza hadi getini.
"Weka nne," akanong'ona. "Sita, wakati wa mitihani."
Anaijua kila sumu kwa jina lake.
Dawa ya meno haimtoki mfukoni.

Ofisini walichora nguzo za rangi:
ndefu, la saba kushuka chini;
fupi, chuo kupanda juu;
na makabila yamepangwa pembeni
kama madumu kwenye foleni ya bomba.
"Umeona?" msimamizi akauliza. "Wasiosoma."
Nikaangalia viatu vyangu.

Fomu ya mwisho nikaipeleka nyumbani, Igogo.
Baba alikuwa amekaa kwenye ndoo,
miaka ishirini na sita ya kulinda ghala la barafu
imemkaa kifuani, inakoroma.

Kabila?
"Andika walinzi."
Baba, siyo hivyo.
"Msukuma, Mjita, Mkurya, saa tisa usiku
sote tuliomba njiti kwa mmoja. Andika walinzi."

Elimu? La nne.
Ngapi kwa siku? Akatazama ziwa.
"Kwa siku, hata moja. Uliza kwa usiku."

Swali la kumi na nne:
Umewahi kusoma onyo kwenye pakiti?

Akakohoa kwanza, kicheko kikafuata,
au vilikuja pamoja.
Daftari hatukuwa nalo, mimi na yeye,
mwaka ule kabla sijaanza shule.
Alileta pakiti tupu alfajiri,
kidole chake cha manjano kikitangulia,
sauti yangu ikifuata:
u-vu-ta-ji
si-ga-ra
ni ha-ta-ri

na nilipoifikisha hadi mwisho bila kukwama
alifurahi sana,
akawasha moja.