Sikio la Pili

Ragnfrid anapanda ngazi ya mnara, Vadsø,
mfagio kwapani, barafu chini ya buti.
Antena ni ndogo, kama bakuli la uji;
anaipangusa theluji kwa glavu.

Huko chini mji umelalia sekunde:
simu, benki, mitambo ya umeme,
vyote vinaazima saa kutoka juu.

Mwaka jana kipokezi kilikuwa na sikio moja.
Mtu fulani, hatujui nani,
akapiga kelele kwenye masafa yale;
saa ikayumba, minara ikapotezana,
na Ragnfrid akaamshwa saa tisa usiku
akivaa soksi zisizolingana.

Leo anga linawaka kijani.
Mawimbi mawili yametoka pamoja kwenye setilaiti moja,
na anga limelichelewesha moja zaidi ya mwenzake.
Kipokezi kipya kinayasikia yote mawili,
kinapima pengo,
kinajua njia imeiba kiasi gani,
hata kama ni chembe ya chembe ya sekunde.

Na kelele zikirudi?
Zizibe sikio moja.
La pili halilali.

Anashuka. Kahawa imepoa garini.
Simu yake kimya,
kimya kabisa.
Hiyo ndiyo asante anayoijua.