Zamu ya Usiku, Ghala Namba Tatu

Miaka kumi na minne nimelinda korosho.
Korosho hazikutazami.
Mwezi huu wa Machi, msimu umekwisha, ghala tupu,
wakaniletea nyuso ishirini na sita,
nikaambiwa: Mzee Mchopa, hizi nazo ni mali.

Mchoraji ni kijana wa Chikongola, Dadi Likwata,
suruali imeganda rangi kama ubao wa fundi.
Turubai hana. Amepasua magunia,
yale yale ya juti, yenye muhuri wa chama,
kwa hiyo kuna bibi ana KILO 80 kwenye paji la uso
na mwingine DARAJA LA PILI chini ya kidevu.
Rangi pia hana. Anapaka maji ya ganda la korosho,
yale yaliyobabua vidole vya wabanguaji
hata mashine ya vitambulisho ikawakataa:
Weka tena dole gumba. Weka tena.
Mama, huna alama.

Nikamuuliza, hawa uliwaona?
Hata mmoja, akasema.
Alitundika kanga katikati ya chumba,
akakaa nyuma yake na brashi.
Upande wa pili akaja mbanguaji kumsimulia
mwenzake waliyekaa naye benchi moja.
"Nieleze uso wake." Basi.
Uso ukapita mdomoni mwa mtu
kabla haujafika guniani.

Ndiyo maana namba saba ni kikohozi kitupu,
mdomo umefunguka hadi kwenye pindo.
Namba kumi na tisa ana mashavu mawili ya kushoto;
msimuliaji alikaa kushoto kwake, la kulia hakulijua.
Na namba kumi na moja hana macho.
Utosi, njia ya nywele iliyopinda,
sikio moja.

Siku ya ufunguzi walitangulia wakubwa na maji ya chupa.
Mmoja alirudi nyuma hatua tatu, akapinda shingo,
akasema, "Inazungumza."
Mimi sikusikia kitu.
Kisha wakaja wenyewe, vitenge vya sherehe,
ndipo ghala likapata kelele.
"Hee! Kichwa changu ndo boga hivi?
Esha, miaka kumi na mmoja, jicho hukuliona?"
"Ulikiinua lini, Somoe, nikalione?"
Somoe akacheka mpaka akashika ukuta.

Mfuko wake alikuwa ameniachia mlangoni.
"Nitunzie, mlinzi."
Mlinzi.
Tulikaa nyumba moja kule Chuno misimu sita.

Walipoondoka nikawasha tochi mbele ya kumi na moja.
Sikio. Kwenye tundu la hereni, uzi mweusi
wa kushonea, umepigwa fundo
ili tundu lisizibe.
Esha aliuona. Likwata aliusikia, akauchora.
Mimi niliyezipeleka hereni zile kwa sonara
mwaka bei ilipoanguka,
nikasema nitazikomboa ikipanda
(ikapanda, nikanunua redio),
mimi uzi ule sikuwahi kuuona.

Maji ya ganda hayatulii.
Kila usiku gunia linazidi kuiva,
hudhurungi inaelekea weusi.
Likwata anasema ndivyo alivyotaka,
picha nazo zichoke.
Wiki ya kwanza uzi ulionekana kwa mbali.
Wiki ya pili nikasogea.
Jana niliutafuta kwa kidole,
na kibao cha USIGUSE nimekipigilia mwenyewe.
Kidole kinawasha hadi sasa.

Daftari la zamu huwa naliandika bila kufikiri:
Usiku salama. Hakuna kilichopotea.
Leo kalamu imegoma kwenye neno la tatu.

Nimelikata. Nimeandika chini yake,
kwa mkono huu unaowasha:
Hereni, jozi moja.
Mwizi anajulikana.
Yupo zamuni.